Mwezi Mmoja Katika Kijiji cha Mizabibu

Tangu niliporudi nyumbani watu wananiuliza swali moja kuliko yote. Hawaniulizi habari za ndege, wala za baridi, wala za makanisa makubwa. Huniuliza, "Mwalimu, umekaa mwezi mzima katika nchi ya mvinyo, je, ulikunywa au hukunywa?" Hata watoto wa darasa la sita wameniuliza, na mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando baada ya ibada ili aniulize kwa faragha. Nitajibu, lakini nitajibu mahali pake, maana jambo lenyewe halieleweki pasipo kwanza kukifahamu kijiji na watu wake.

Kijiji chenyewe chaitwa Serralunga d'Alba. Kipo katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia, juu ya vilima viitwavyo Langhe. Nilifikaje huko, mimi mwalimu wa shule ya mkoa wa Iringa? Iko sababu. Wamisionari wa Consolata, ambao shirika lao lilianzishwa katika mji wa Torino mwaka 1901, walikuja Kenya mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja na kwetu Iringa. Mmoja wa masista wao, ambaye sasa amekwisha kufariki, aliwauguza watu wetu miaka mingi, na nilipozaliwa mimi mikono ya kwanza kunipokea ilikuwa yake. Alikuwa mzaliwa wa Serralunga. Kaka yake angali hai, na kwa barua zilizoanza zamani kati ya nyumba yao na yetu, nilialikwa niwatembelee wakati wa mavuno ya mwaka 2024.

Nilitoka Torino kwa gari la moshi siku za mwisho za Septemba. Njia yapita kwanza katika nchi ya tambarare, mashamba ya mahindi upande huu na upande huu, hata nikadhani nimelala nikaamkia Ismani. Kisha vilima vikatokea. Katika mji wa Alba, ulio kando ya mto Tanaro, mjukuu wa mzee, binti asomaye chuo kikuu, alinipokea kwa motokaa yao ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana anajua Kiingereza. Babu yake hajui ila Kiitalia na lugha ya kwao ya Piemonte, pamoja na maneno manne ya Kiswahili aliyoyapata katika barua za dada yake: karibu, pole, asante na polepole. Usidhani ni machache. Kwa maneno hayo manne tulikaa pamoja siku nyingi shambani pasipo mkalimani, wala hatukuchokana.

Msomaji wa Lushoto au wa Murang'a asifikiri kwamba ni milima mirefu. Serralunga ipo mita 414 tu juu ya bahari. Lakini vilima ni vingi, tena vyembamba, vyenye migongo mikali, na karibu kila mgongo una kijiji chake juu kabisa. Watu wa kale walijenga juu kwa ajili ya kuwaona adui mapema, na kwa ajili ya kuyakimbia mabonde, ambayo ni ya ukungu na unyevu. Ubavu wa kilima ulioelekea jua wote ni mizabibu, mistari iliyonyoka kama mistari ya daftari. Sikuona hatua kumi za ardhi zilizoachwa bure. Ubavu wa kivuli wameuachia miti ya msitu na njugu za miti waziitazo nocciola.

Katikati ya kijiji imesimama ngome ya karne ya 14, ndefu na nyembamba, iliyojengwa na ukoo wa mabwana walioitwa Falletti. Nyumba zote zimeizunguka kwa duara, kama vifaranga na mama yao, na njia moja ya mawe yapita kati. Wakazi ni kama 500 tu. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nisione kitu: ukungu mweupe ulikuwa umejaza mabonde yote, na vilele vya vilima na vijiji vyake vilitokeza juu yake kama visiwa. Ulipoondoka, yapata saa nne, nikaona mbali upande wa magharibi safu ya milima ya Alpi yenye theluji, na mmoja umeizidi yote. Huo ni Monviso, wenye mita 3,841, na chini yake ndiko unakoanza mto Po, mkubwa wa mito ya Italia. Mzabibu maarufu wa huko huitwa nebbiolo, na wengi husema jina hilo latokana na neno nebbia, yaani ukungu, kwa kuwa huvunwa wakati wa ukungu wa Oktoba.

Sasa nirudi kwenye swali la watu. Jioni ile niliyofika tuliketi mezani watu watano: mzee, mkewe, binti, jirani mmoja na mimi. Mzee alifungua chupa ya shamba lake mwenyewe, akaanza kumimina. Ilipofika zamu yangu niliweka kiganja juu ya bilauri. Jirani akacheka kidogo, akidhani ni haya ya mgeni. Mke wa mzee akanitazama kwa wasiwasi, maana kwao kukataa mvinyo wa mwenye nyumba si jambo dogo.

Nilikuwa nimetunga maneno ya adabu tangu Torino, lakini yalinitoka yote. Nikasema kweli tupu. Nikamwambia binti awafasirie kwamba baba yangu alikunywa ng'ombe wetu wanne, mmoja baada ya mwingine, na baada ya ng'ombe akanywa mabati ya nyumba. Na siku tuliyomzika, mimi niliye kifungua mimba niliweka nadhiri mbele ya mama yangu kwamba kilevi hakitapita kinywani mwangu. Sikuja kuwahukumu, nikasema, lakini nadhiri ni nadhiri.

Mzee hakujibu upesi. Aliiondoa bilauri yangu, akashuka katika ghala iliyo chini ya nyumba, akarudi na kikombe cha maji ya zabibu yaliyokamuliwa siku ile ile, mekundu mazito, hayajaanza kuumuka. Akaniwekea. Kisha akasema maneno ambayo binti aliyafasiri polepole: "Maestro," maana huko ndivyo waitwavyo walimu, "hapa pia kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa namna hiyo. Dada yangu aliandika kwamba kwenu aliyakuta yale yale aliyoyaacha huku." Yule jirani akaacha kucheka. Baadaye niliambiwa kwamba katika nyumba yake mtu huyo alikuwa kaka yake.

Basi tangu siku ile, hakuna mtu wa kijiji kile aliyenisukumia bilauri. Walinipa maji ya zabibu, na walinipa kitu kingine nilichokipenda mno kiitwacho cugnà: maji ya zabibu huchemshwa kutwa nzima pamoja na peasi na njugu za miti, mpaka yawe mazito kama asali nyeusi, nao huyala kwa jibini au kwa ugali. Ndiyo, ugali, nami nilifurahi kuliko mtoto. Huko huuita polenta, wa mahindi ya njano, nao huumimina juu ya ubao. Mke wa mzee alisonga mwenyewe katika sufuria ya shaba, na nilipomwomba mwiko nimsaidie, aliniangalia mikono kwanza, ndipo akanipa.

Juu ya meza ile, katika boriti ya dari, pana msumari uliopinda wenye kutu. Nilidhani ni wa taa. Mzee akanieleza kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alitundika hapo samaki mmoja mdogo wa chumvi kwa uzi, na kila mtoto alisugua kipande chake cha ugali juu ya samaki yule apate ladha, pasipo kumla. Samaki alitumika siku nyingi. Hadithi hii husimuliwa katika vilima vile vyote, na pengine yako maneno yaliyoongezwa; lakini msumari nimeuona.

Wasomaji, ilikuwa vigumu kwangu kusadiki. Mtu aonaye Langhe ya leo, na wageni wanaotoka Ujerumani na Marekani kulala katika nyumba za mawe zilizotengenezwa vizuri, hawezi kuiona njaa hiyo. Lakini mzee aliijua. Zabibu ziliuzwa kwa bei aliyotaka mnunuzi, na mwaka wa mvua ya mawe hapakuwa na cha kuuza. Mvinyo mzuri uliuzwa wote; wenye nyumba walimwaga maji juu ya makapi yaliyokwisha kukamuliwa, wakanywa maji hayo mekundu. Watoto wa maskini walikodishwa kwa wenye mashamba wakawe watumishi kwa mwaka mzima, na ujira wao alipokea baba. Beppe Fenoglio, mwandishi wa Alba, alitunga kitabu juu ya kijana wa namna hiyo, La malora, kilichotoka mwaka 1954. Mzee hakukisoma. Alisema hana haja, kwa kuwa kaka yake mkubwa alikodishwa hivyo akiwa na miaka kumi.

Juu ya hayo vikaja vita. Vijana wengi wa sehemu zile walikuwa askari wa milimani katika divisheni ya Cuneense, iliyopelekwa Urusi ikaangamia katika theluji mwezi wa Januari 1943. Baba mdogo wa mzee alikuwa mmoja wao, hakurudi. Mwaka 1944 mzee alikuwa na miaka sita. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule wapiganaji wa msituni waliutwaa mji wa Alba wakaushika siku 23, mpaka tarehe 2 Novemba walipofukuzwa. Fenoglio mwenyewe alikuwa katika wapiganaji hao. Mzee akumbuka sauti za bunduki bondeni, na mama yake akiwaficha watoto ndani ya pipa tupu.

Baada ya vita watu wakavihama vilima. Walikwenda Torino kwa maelfu, katika viwanda vya motokaa. Kilichowasaidia baadhi yao wasihame kabisa ni kiwanda cha peremende na chakleti cha Ferrero, kilichoanzishwa Alba mwaka 1946; kilituma mabasi vijijini kuwachukua wafanya kazi na kuwarudisha, hata mtu akaweza kufanya zamu kiwandani na jioni kushika jembe. Mzee alifanya hivyo miaka 27. Baba yake alikuwa amenunua nusu hekta ya mizabibu kwa bei ya ng'ombe wawili, kwa mtu aliyekuwa akihama. Mzee akailima shamba ile kwa saa alizoziiba usingizini.

Mwaka 1986 palitokea aibu kubwa. Wafanya biashara wenye tamaa walitia sumu iitwayo methanoli katika mvinyo duni ili uwe mkali, na watu wapatao 20 wakafa katika Italia, na wengine wakapofuka. Baadhi ya mvinyo huo ulitoka katika wilaya ile ile ya Langhe. Kwa muda watu hawakutaka hata kusikia jina. Wakulima waaminifu wakaona kwamba hawana njia ila kuvuna kidogo na kizuri. Sheria ya mvinyo wa Barolo, ambao hutengenezwa katika tarafa 11 tu, Serralunga ikiwa mojawapo, hairuhusu zaidi ya tani nane za zabibu katika hekta moja. Na mvinyo lazima ungoje miezi 38 kabla ya kuuzwa, na katika miezi hiyo 18 iwe ndani ya mapipa ya mti. Ndipo vijana wakaanza kukata vichala vingi vibichi katikati ya kiangazi na kuvitupa chini, ili vilivyobaki viwe bora. Mzee alisema siku alipoona mara ya kwanza jirani yake akitupa zabibu ardhini, alidhani amepata wazimu, na mama yake akaingia ndani akafunga dirisha. Aliyekuwa amesugua ugali juu ya samaki wa uzi aliwezaje kutazama jambo kama lile? Mzee mwenyewe hukata vichala sasa, lakini huvikata asubuhi na mapema, peke yake.

Nisiwafiche jambo jingine, maana wasomaji wetu ni watu wenye akili: Waitalia wenyewe sasa wanakunywa kidogo kuliko zamani. Miaka ya 1970 mvinyo ulionywewa ulikuwa zaidi ya lita 100 kwa kila mtu kwa mwaka. Siku hizi haufiki hata nusu yake. Binti yule hunywa Jumapili tu, na wenziwe wengine hawanywi kabisa.

Mavuno ya nebbiolo yalianza wiki ya pili ya Oktoba. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, na kila siku mzee alikwenda shambani, akatia zabibu moja kinywani, akatafuna kokwa, akatema, akarudi kimya. Siku moja hakurudi kimya. Aliita kutoka chini ya kilima, na kesho yake tukaanza.

Hapo nilisumbuka moyoni. Je, mtu aliyeapa kutokunywa anaweza kuvuna zabibu za mvinyo? Usiku ule sikulala vizuri. Najua wako wasomaji watakaosema kwamba nilikosa, nami siwezi kuwashinda kwa hoja. Nilivuna. Nilikuwa nimekula chakula cha nyumba ile wiki mbili, na mzee wa miaka 86 alikuwa ameinama shambani.

Kazi ni ngumu kuliko ionekanavyo. Kilima kimesimama kama paa la nyumba, na udongo wenyewe, mweupe wa chokaa na mfinyanzi, hushika viatu ukinyeshewa. Huvunwa kwa mkono. Washika kichala kwa chini, wakata kikonyo kwa mkasi, wageuza uone kama pana zilizooza, waondoa moja moja, waweka katika kasha polepole. Na hapo neno "polepole" la mzee lilipata kazi. Vidole huwa vyeusi na kunata, nyuki huja. Na harufu katika ghala jioni, zabibu zinapoanza kuumuka, sisemi kwamba haikunijaribu. Ilikuwa harufu ya nguo za baba yangu. Nilitoka nje nikasimama penye hewa.

Tulikuwa watu sita. Wawili kati yao walikuwa ndugu kutoka Makedonia ya Kaskazini. Wengi wa nchi hiyo wamehamia vilima vile, na bila wao, na bila watu wa Albania, Moroko na Afrika ya Magharibi, zabibu nyingi zingeoza juu ya mti. Mkubwa wa ndugu wale amemfanyia mzee kazi miaka 14. Humpogolea, humfungia matawi, na mkewe humletea mkate. Si wote wenye bahati kama yake. Magazeti ya Italia yaliandika mwaka ule ule habari za madalali wanaokusanya vibarua alfajiri katika vilima hivyo hivyo, wakawakata ujira na kuwalaza mahali pabaya. Nilikutana penye kituo cha basi cha Alba na kijana wa Gambia aliyelala siku tisa kando ya mto. Tulizungumza Kiingereza. Aliponiuliza mimi nalala wapi, niliona haya kumjibu.

Jumapili moja tulikwenda kijiji cha Barolo, ng'ambo ya mabonde mawili. Katika kasri ya huko aliishi bibi aliyeitwa Giulia Colbert, Mfaransa, mke wa mwisho wa ukoo wa Falletti, wale wale wa ngome yetu. Alikuwa tajiri asiye na mtoto. Alipouona ubaya wa magereza ya wanawake mjini Torino aliingia mwenyewe, akakaa na wafungwa, akawafundisha kusoma, na mwaka 1821 akapewa usimamizi wa gereza lao. Alimpa kazi ya karani Silvio Pellico, mwandishi aliyetoka katika kifungo cha Waaustria cha miaka kumi. Bibi huyu alikufa mwaka 1864. Watu hupenda kusimulia kwamba mfalme Carlo Alberto alipomwomba aonje mvinyo wake, alimpelekea mapipa 325, pipa moja kwa kila siku ya mwaka, isipokuwa siku 40 za Kwaresima. Mapipa yananistaajabisha kidogo. Gereza lanistaajabisha zaidi.

Karibu na hapo, katikati ya mizabibu ya La Morra, pana kanisa dogo lisilowekwa wakfu kamwe. Lilijengwa mwaka 1914 ili watu walimao shambani wapate pa kukimbilia mvua ya mawe. Mwaka 1999 wasanii wawili, Sol LeWitt Mmarekani na David Tremlett Mwingereza, walilipaka rangi kali, nyekundu, njano na buluu, na wageni hupanga mstari kupiga picha. Mzee alibaki ndani ya motokaa. Alisema yeye aliwahi kujificha humo mvua ya mawe ilipopiga, pamoja na fahali wawili, na anapenda kulikumbuka vile.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa katika nyumba ile tangu nilipoingia, ingawa sikuambiwa mpaka wiki ya tatu. Juu ya kabati palikuwa na barua ndefu nyeupe chini ya saa. Ilitoka kwa wakili wa watu wa nchi nyingine, nayo ilitaka kununua ile nusu hekta. Katika Serralunga mahali pazuri hekta moja ya Barolo yapita euro milioni moja, na barua ile ilitoa bei ya juu sana. Tangu UNESCO ilipoviingiza vilima vile katika urithi wa dunia mwaka 2014, bei zimezidi kupanda. Mtoto wa mzee, fundi wa umeme huko Torino, ana deni la nyumba na mtoto mgonjwa. Alitaka shamba iuzwe. Binti, ambaye ni mtoto wa ndugu yake, alitaka ibaki, lakini mwenyewe hajui kupogoa. Mke wa mzee hakusema neno. Na yule Mmakedonia, ambaye miaka 14 ya maisha yake imo katika mizabibu ile, hakuna aliyemwuliza.

Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Jumapili, nayo ilikuwa siku Papa alipomtangaza Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa Consolata, kuwa mtakatifu. Yeye pia alizaliwa katika vilima vya mizabibu, Castelnuovo, upande wa Asti. Tuliangalia ibada katika televisheni asubuhi, na mzee alishika picha ya dada yake magotini. Mtoto wake alikuja kutoka Torino. Baada ya chakula walianza kusemezana, kwanza polepole, halafu kwa sauti. Mimi nikainuka nitoke, lakini mzee akanishika mkono akasema, "Karibu," maana yake nikae.

Binti hakunifasiria yote, wala sikuomba. Niliyoyaelewa ni haya. Mtoto alisema, "Baba, hiyo si shamba tena, ni fedha iliyolala juani." Mzee akasema baba yake alitoa ng'ombe wawili. Mtoto akasema ng'ombe wawili hawalipi hospitali. Kweli hawalipi, nami niliyeona ng'ombe wanne wakienda bila faida nilijikuta moyoni namwunga mkono mtoto, jambo ambalo sikulitazamia. Kisha mke wa mzee, aliyekuwa anaosha sufuria ya ugali, akasema pasipo kugeuka: "Mwulizeni basi yule anayelima." Wakanyamaza wote. Saa ile ile mtoto akavaa viatu vya babaye, akashuka shambani palipokuwa pamesalia mistari mitatu haijavunwa. Nilimfuata na makasha. Alivuna mstari mmoja mzima mkabala wa yule Mmakedonia, hawasemi, mikono yao ikikutana kati ya majani. Na jua lilipokuwa linatua nikawaona wameketi juu ya kasha moja, wanazungumza. Sikujua wanasema nini.

Niliondoka siku tano baadaye. Mke wa mzee alinifungia chupa mbili za cugnà ndani ya fulana ya sufu, na moja ilifika nzima. Mzee alikuja mpaka kituo cha Alba, akavua kofia, akasema maneno yake yote manne kwa mfululizo.

Barua ya binti imenifikia mwezi wa Februari. Mtoto mgonjwa amefanyiwa matibabu, na wamekopa benki. Barua ya wakili ingali chini ya saa. Mzee amepogoa mistari saba kwa mkono wake, kisha baridi ikamwingia kifuani, na iliyobaki imepogolewa na yule Mmakedonia pamoja na binti, ambaye anajifunza, na ambaye anasema amekata matawi mengi yasiyostahili kukatwa.